Uyoga Mamama wa Pinki: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo cha Tatizo, Kuanzia Mbegu hadi Mavuno

Uyoga mamama wa rangi ya waridi, ambao wakulima wengi huuita kwa mkato uyoga wa pinki, chakula chake ni mti uliokufa. Katika misitu ya nchi za joto huota kwenye magogo, visiki, mianzi na mashina ya miti ya jamii ya minazi, ukiulainisha mti huo kidogo kidogo hadi unabaki mweupe na wenye nyuzinyuzi. Jina lake la kisayansi, Pleurotus djamor, limebeba neno la Kimalei ambalo maana yake ni uyoga tu, kwa kuwa Georg Eberhard Rumphius, mtaalamu wa mimea aliyeuandika kwa jina hilo, aliishi katika kisiwa cha Ambon, ambacho leo kiko Indonesia, na huko ndiko alikofariki mwaka 1702. Ninaanza na asili hiyo kwa sababu inaeleza sehemu kubwa ya matatizo yatakayofuata. Huu ni uyoga wa joto na unyevu, na mkulima aliyezoea uyoga mamama mweupe au wa kijivu huharibikiwa pale anapouhudumia kwa taratibu zilezile. Hauvumilii baridi, haumsubiri mkulima, na rangi yake hubadilika mapema kuliko dalili nyingine, kiasi kwamba anayeikagua kila asubuhi huona tatizo kabla halijawa hasara.

Maelezo haya yanamhusu anayeotesha kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa masalia ya mazao, yaani mabua ya mpunga, magunzi, majani makavu ya mgomba, maganda ya kahawa au makapi ya mkonge, katika banda la kawaida lenye chumba cha giza na chumba cha mwanga. Nimezipanga dalili kwa kadiri zinavyojitokeza, tangu siku ya kupanda mbegu hadi siku ya kuuza. Ninaposema mbegu, namaanisha punje za mtama zilizooteshwa utando, na utando ni zile nyuzi nyeupe za uyoga zinazosambaa ndani ya chakula chake.

Siku tano zimepita na mbegu haijashika

Mbegu yenye afya ya uyoga wa pinki huanza kutoa manyoya meupe kuzunguka kila punje ya mtama ndani ya siku mbili au tatu, na mfuko wa kilo mbili au tatu hujaa utando mweupe kati ya siku 10 na 14 endapo joto la chumba liko kati ya nyuzi 25 na 30. Kwa hiyo, siku ya tano ikifika na punje bado ziko uchi, usiendelee kusubiri kwa matumaini. Tafuta chanzo.

Chanzo cha kwanza ninachokiulizia siku zote ni jokofu. Mbegu ya uyoga mamama wa kawaida huhifadhiwa kwenye jokofu kwa wiki kadhaa bila madhara, na wauzaji wengi huwapa wateja wao ushauri huohuo bila kutenganisha aina. Mbegu ya pinki ikikaa katika nyuzi nne kwa siku kadhaa, utando hudhoofika na mara nyingi hufa kabisa. Niliwahi kupoteza chupa zote za mbegu nilizokuwa nazo kwa namna hiyo. Nilizinunua siku ya Ijumaa, mabua hayakuwa tayari, nikaziweka kwenye jokofu la nyumbani kwa wiki moja na nusu. Nilipozitoa, punje zilionekana nyeupe na nzuri, pamba iliyoziba midomo ya chupa ilikuwa safi, wala hapakuwa na harufu yoyote mbaya. Nilipanda mifuko yote, na yote ikaishia kushikwa na ukungu wa kijani, kwa sababu utando uliokufa hauwezi kupigania chakula. Nilichojifunza ni kwamba weupe wa mbegu si ushahidi wa uhai wake.

Ushahidi hupatikana kwa jaribio dogo ambalo halimgharimu mtu chochote. Chukua kipande cha boksi la karatasi, kichemshe kwa dakika chache, kikamue, kikunje ndani ya chupa safi ya kioo yenye mfuniko, kisha udondoshe punje tano au sita za mbegu juu yake na kuiacha chupa hiyo mahali penye joto la kawaida. Mbegu hai huishika karatasi kwa manyoya meupe ndani ya saa 48. Ikishindwa, usipoteze mabua wala kuni zako kwa mbegu hiyo. Kama inakubidi kuhifadhi mbegu ya pinki, iweke mahali penye ubaridi wa wastani, usiopungua nyuzi 15, pasipo jua, na uitumie mapema.

Chanzo cha pili ni haraka baada ya kuchemsha mabua, kazi inayofanywa kabla ya kupanda ili kuua vimelea. Mabua yaliyotolewa kwenye pipa hupoa nje kwanza, huku katikati ya rundo yakibaki na moto wa kutosha kuiua mbegu. Ingiza mkono hadi katikati, na ukihisi joto linalozidi la mwili wako, ongeza muda. Chanzo cha tatu ni maji. Kamua konzi moja ya mabua kwa nguvu zote. Yanapotoka matone mawili au matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, rudisha mabua kwenye kichanja yaendelee kuchuja. Yasipotoka kabisa, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Kwa wanaoishi nyanda za juu, kama Njombe, Lushoto au Limuru, kuna chanzo cha nne, nacho ni usiku wenyewe. Mwezi Juni na Julai chumba kinaweza kuwa na joto zuri mchana na kushuka hadi nyuzi kumi au chini yake alfajiri, na mfuko ukabaki umesimama palepale kwa wiki nzima. Katika maeneo hayo nashauri uyoga wa pinki uoteshwe katika miezi ya joto, na miezi ya baridi iachiwe uyoga wa kijivu, ambao unaipenda hali hiyo.

Mfuko unanuka uchachu na maji yamejikusanya chini

Mfuko wenye afya una harufu ya uyoga mbichi, au ya udongo baada ya mvua. Harufu ya uchachu, ya pombe au ya kitu kilichovunda ni ya bakteria wanaoishi mahali pasipo hewa, na karibu kila mara hutokana na maji kuzidi au mabua kushindiliwa mno. Ikiwa sehemu ya juu tayari ni nyeupe, mfuko huo unaweza kuokolewa. Toboa matundu madogo kwenye pembe za chini kwa sindano iliyochomwa moto, uuning'inize maji yatoke, na uutenge na mifuko mingine. Ikiwa harufu imetawala kabla utando haujaanza, peleka yote kwenye mboji.

Mfuko umeota rangi nyingine

Hapa ndipo panapohitaji macho makini zaidi, na ndipo mkulima mpya wa uyoga wa pinki anapodanganyika kuliko mwenzake wa uyoga mweupe. Utando wa uyoga huu ni mweupe. Waridi hujitokeza kwenye vitumba tu, yaani vile vichwa vidogo vinavyoanza kuchomoza, na wakati mwingine kidogo kwenye utando uliokomaa karibu na tundu. Kwa hiyo, rangi yoyote inayosambaa kama vumbi katikati ya mabua ni ya mgeni.

Mgeni anayenitia wasiwasi zaidi ni ukungu wa rangi ya chungwa, jamii ya Neurospora. Huanza kama manyoya mepesi ya kijivu yasiyotambulika kwa urahisi, kisha baada ya siku moja au mbili hugeuka kuwa unga laini wa chungwa wenye kuelekea pinki, hasa kwenye mdomo wa mfuko palipo na pamba. Nimewaona watu wakiufurahia, wakiamini kuwa uyoga wao umeanza kutoa rangi. Tofauti ni rahisi ukisogea karibu. Kitumba cha uyoga ni kigumu, chenye umbo la kichwa cha kiberiti, na hakitoki ukikipulizia. Ukungu wa chungwa ni unga mtupu, na pumzi moja tu hutawanya mamilioni ya spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana, katika banda zima. Ndiyo maana mfuko huo haupulizwi, haukung'utwi wala haufunguliwi ukiwa ndani ya banda. Loweka gunia au kitambaa kizito, ufunike mfuko wote taratibu, utoe nje ukiwa umefunikwa hivyo, kisha uuchemshe kwenye pipa au uuzike. Ukungu huu hupenda joto kama uyoga wetu na hukua kwa kasi kuliko huo uyoga. Hupenya kwenye pamba iliyolowa, hivyo njia bora ya kuuzuia ni kuhakikisha pamba ya chupa na ya mifuko ni kavu, na kutoacha mabaki ya punje za mtama au ya mkate karibu na chumba cha kupandia.

Ukungu wa kijani, ambao kwa kawaida ni Trichoderma, una historia tofauti. Kwanza huwa mweupe, mzito kuliko utando wa uyoga, kisha katikati yake hugeuka kijani cha majani mabichi. Ukitokea kwenye mfuko mmoja kati ya ishirini, huenda mkono ulikuwa mchafu au mfuko ulitoboka. Ukitokea kwenye nusu ya mifuko, kwa sehemu ileile na siku zilezile, kosa liko kwenye pipa. Muda wa kuchemsha, ambao ni saa moja hadi mbili, huhesabiwa tangu maji yaanze kuchemka, si tangu moto uwashwe, na mabua yanayoelea juu ya maji bila kuzamishwa kwa jiwe huwa hayajaiva. Sababu nyingine ni pumba. Mkulima akiongeza pumba za mahindi au za mpunga ili kuzidisha mavuno, huku akichemsha kwa namna ileile, anakuwa amemwandalia mgeni karamu. Mabua matupu huvumilia kuchemshwa tu, lakini mchanganyiko wenye pumba nyingi unahitaji mvuke wa muda mrefu. Na tukirudi kwenye mbegu, kiasi cha mbegu kikiwa chini ya asilimia tatu ya uzito wa mabua yaliyolowa, utando huchelewa na kijani hushinda mbio.

Vikitokea vyoga vyembamba vya kijivu, vyenye kofia kama kengele, ambavyo asubuhi vimesimama na jioni vimeyeyuka kuwa wino mweusi, hivyo ni vya jamii ya Coprinus. Vinaonyesha kuwa mabua yana naitrojeni nyingi, pengine yalichanganyika na samadi ya kuku, au hayakuchemka vizuri. Ving'oe kabla havijayeyuka. Uyoga wa pinki mara nyingi huendelea kuota katika mfuko huo, ingawa mavuno hupungua.

Kingo za mfuko ni nyeupe lakini katikati pamekufa

Utando unapokula hutoa joto lake wenyewe, na kwa uyoga wa pinki, ambao hula kwa kasi, joto hilo ni kubwa. Katika banda la bati mjini Dar es Salaam au Mombasa, mwezi Februari, hewa ikiwa na nyuzi 32, katikati ya mfuko mkubwa joto huweza kupita nyuzi 35, ambapo utando huanza kuteseka, na likikaribia nyuzi 40 hufa. Ukipasua mfuko huo utakuta kiini cha rangi ya kahawia, chenye majimaji, kimezungukwa na ganda jeupe. Dawa yake ni mifuko myembamba zaidi, isiyozidi upana wa viganja viwili, kuachanisha mifuko kwa nafasi ya mkono badala ya kuipanga kama magunia, na kuweka makuti au nyasi juu ya bati. Ni ajabu kidogo kwamba uyoga unaopenda joto huuawa na joto lake wenyewe, lakini huko porini gogo hukaa kivulini na halifungwi kwenye nailoni.

Uyoga umeota ndani ya mfuko kabla ya wakati

Mkulima anaingia chumba cha giza siku ya tisa na kukuta vishada vya pinki vimebanwa kati ya mabua na nailoni, vimepinda, na mfuko haujajaa. Hali hii husumbua kwa sababu uyoga wa pinki haungoji mfuko ukamilike. Palipo na mwanya wa hewa, mwanga kidogo na unyevu, huanza kutoa vitumba. Kwa hiyo jaza mifuko bila kuacha mifuko midogo ya hewa pembeni, ziba mianya ya dirisha, na ukague kila siku tangu siku ya saba. Vitumba vikishaanza, usivirudishe gizani. Hamishia mfuko huo kwenye chumba cha mwanga, kata nailoni kwa alama ya X mahali palepale vilipojitokeza, na uendelee. Mavuno yatakuwa madogo kuliko yale ya mfuko uliojaa, lakini vitumba vilivyoozea ndani ya nailoni huita inzi.

Mfuko umejaa, ni mweupe wote, lakini vitumba havitoki

Kinyume cha tatizo lililotangulia huwa na sababu tatu, nazo hukaguliwa kwa mpangilio. Ya kwanza ni mwanga: chumba kinatakiwa kuwa na mwanga wa kumwezesha mtu kusoma gazeti bila taa, ingawa jua lisipige mifuko moja kwa moja. Ya pili ni hewa, kwa maana mfuko uliofungwa bila kukatwa unabaki na hewa ya ukaa nyingi, na utando huendelea kujisuka tu bila kuzaa. Ya tatu ni baridi. Uyoga wa kijivu huchochewa na kushuka kwa joto, na wapo wanaoipeleka mifuko ya pinki mahali pa baridi wakitarajia matokeo hayohayo. Usifanye hivyo. Uyoga huu huzaa vizuri katika joto la kati ya nyuzi 20 na 30.

Vitumba vimejitokeza, kisha vimekauka au vimegeuka kahawia

Kitumba hakina akiba ya maji. Mfuko ukiwa karibu na mlango unaopitisha upepo, saa tatu za mchana zinatosha kukikausha; ncha hugeuka manjano, kisha kahawia, na ukikigusa kinakwaruza kama karatasi. Hapo unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 80. Kinyume chake, kitumba cha kahawia kilicho laini na chenye utelezi kimezamishwa kwa maji, kwa kawaida na mtu aliyenyunyizia kwa matone makubwa akikilenga chenyewe. Dalili hizi mbili zinafanana ukiwa mbali, na tiba zake zinapingana, hivyo shika kitumba kabla ya kuamua lolote. Ninapendekeza maji yamwagwe sakafuni na kwenye kuta za magunia mara tatu au nne kwa siku, na bomba la kunyunyizia litumike hewani, juu ya mifuko, likitoa ukungu mwembamba. Kwa wanaotumia sakafu ya mchanga kazi hii ni nyepesi, kwa sababu mchanga hushika maji na kuyaachia polepole.

Mashina ni marefu na kofia ni ndogo

Hewa imechakaa. Uyoga hupumua kama sisi, ukitoa hewa ya ukaa, na ikijaa chumbani shina hurefuka kutafuta hewa huku kofia ikikataa kufunguka. Fungua madirisha ya juu na ya chini, yenye wavu, asubuhi na jioni, kisha rudisha unyevu mara moja baada ya hapo.

Rangi imepauka

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, kwa kuwa mnunuzi hulipia rangi. Kwanza ni vizuri kuelewa kuwa kupauka ni sehemu ya maisha ya uyoga huu. Kitumba huanza na pinki iliyokolea, kofia changa huwa na waridi la kuvutia, na kadiri kofia inavyotanuka rangi hufifia hadi kuwa ya maziwa, kuanzia ukingoni. Kwa hiyo kofia pana iliyopauka kwa kawaida imechelewa kuvunwa, basi. Kutoka kitumba hadi kuvuna ni siku tatu hadi tano, na katika joto la pwani tofauti kati ya asubuhi na jioni ni kubwa. Vuna wakati ukingo wa kofia bado umejikunja kuelekea chini.

Uyoga ukipauka tangu ungali kitumba, chunguza mwanga. Banda lenye giza hutoa vishada vya rangi hafifu, na ukilifungulia mwanga wa kivuli, awamu inayofuata ya mavuno hutoka imekolea. Jua kali nalo huibabua rangi, sawa na kunyunyizia maji mengi juu ya kofia zilizokwisha kufunguka. Ikiwa mambo haya yote yako sawa na bado mifuko yote inatoa uyoga mweupe, basi tatizo liko kwenye asili ya mbegu. Spishi hii ina aina nyeupe na aina za waridi, na mbegu iliyorudufiwa mara nyingi mno kutoka chupa hadi chupa huweza kudhoofika. Badili chanzo cha mbegu.

Wateja wajulishwe mapema kwamba rangi hiyo hupotea jikoni. Imefungamana na protini, na protini haihimili moto. Ukikaangwa, uyoga hugeuka kuwa wa rangi ya dhahabu iliyochoka. Anayelalamika kwamba ameuziwa uyoga uliopakwa rangi anahitaji maelezo hayo tu.

Wapo pia wanaoleta kutoka shambani kitu chekundu kama pilipili kilichoota kwenye gogo lililokaa juani, wakiuliza kama ndio huu. Mara nyingi huwa ni Pycnoporus sanguineus, mlaji mwingine wa mti mfu anayepatikana kote katika nchi za joto. Kitu hicho ni kigumu kama kizibo, chini yake kina vitundu vidogo sana badala ya mikunjo laini inayoshuka hadi kwenye shina, na si mboga. Rangi pekee isitumike kamwe kutambua uyoga wa kuliwa.

Inzi wadogo na funza kwenye mashina

Inzi weusi wadogo huvutwa na harufu ya utando na huingia kupitia tundu lolote linalozidi ukubwa wa tundu la sindano. Chandarua cha kawaida cha mbu hakiwazuii wote, hivyo tumia wavu wenye matundu madogo zaidi, weka karatasi za manjano zenye gundi karibu na mwanga, na uondoe kila siku mabaki ya mashina yaliyobaki kwenye matundu ya mifuko, maana hapo ndipo wanapotaga. Dawa ya kuua wadudu isipuliziwe ndani ya banda lenye uyoga, kwa kuwa uyoga hunyonya unachonyunyiziwa na huliwa siku hiyohiyo.

Mkulima anakohoa kila anapotoka bandani

Jambo hili naomba lisipuuzwe. Uyoga wa pinki hutoa spora nyingi, na kofia zilizoachwa zikafunguka kabisa hutoa vumbi unaloweza kuliona juu ya mifuko ya chini kama unga wenye waridi hafifu. Mtu anayelivuta kila siku anaweza kupata kikohozi, kubanwa kifua, homa ya jioni na uchovu, hali ambayo huchanganywa na mafua au malaria. Vuna mapema, fungua madirisha kabla ya kuingia, vaa barakoa nzuri inayobana pua, na asiruhusiwe mwenye pumu kulala katika chumba kinachopakana na banda. Dalili zikirudi kila anapoingia na kupotea anapokaa mbali kwa siku mbili, aende hospitali na amweleze daktari kwamba anafanya kazi ya uyoga.

Awamu ya pili haiji, au ni haba

Mfuko mzuri huzaa mara tatu, kwa mapumziko ya siku saba hadi kumi, na awamu ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Ukikaa kimya kwa zaidi ya siku 14, uinue. Ukiwa mwepesi mno kulinganisha na siku ulipoanza, umekauka. Uchovye kwenye maji safi kwa saa chache, uuache uchuruzike, kisha uurudishe. Ukiwa mzito, laini na wenye harufu, umeoza. Ukiwa umesinyaa, mabua yakivunjika vidoleni kama majivu yaliyolowa, chakula kimekwisha, na kazi iliyobaki kwake ni kurutubisha bustani ya mchicha.

Uyoga umeharibika kabla ya kufika sokoni

Uyoga wa kijivu hukaa siku kadhaa kwenye jokofu ukiwa bado imara. Wa pinki, ukiachwa kwenye joto la kawaida, kesho yake huwa umelegea, ukingo umekuwa na rangi ya maji ya chai, na harufu ya samaki imeanza kutoka. Ukiufunga ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, hali hiyo huja ndani ya saa chache, kwani uyoga uliokatwa huendelea kupumua na kutoa maji. Vuna alfajiri kabla ya kunyunyizia, usiuoshe, ung'oe kishada kizima kwa kukizungusha, kata kitako chenye mabua, na uupange kwenye kikapu au boksi lenye matundu, tabaka moja au mawili tu, juu yake kitambaa chenye unyevu kidogo. Zungumza na mnunuzi kabla hujavuna, si baada.

Usiopata mnunuzi hadi saa sita mchana uanikwe siku hiyohiyo. Uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, uutandaze kwenye chekeche chini ya wavu, na uendelee hadi uvunjike ukiukunja. Kwa kuwa sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kilo kumi mbichi hukupa takribani kilo moja kavu. Rangi itakuwa imekwenda, lakini katika supu au mchuzi wa nazi uyoga huo uliokaushwa vizuri huleta utamu uliokolea kuliko ule mbichi, na ukifungwa mahali pasipo unyevu hudumu kwa miezi.